Picha Ndani ya Jedwali: Ugomvi wa Karne Tano Ulionilia Shilingi Elfu Tisa

Wadau, leo nawaletea historia ya kitu ambacho mkisikia mtadhani nimeishiwa na mada. Picha ndani ya jedwali. Hivyo tu. Lakini nikuambie ukweli, hicho kitu kidogo kimenifanya nione aibu mbele ya kina mama ishirini na kitu, na kukhu wangu akiwa mstari wa mbele.

Ilikuwa hivi. Kukhu yuko kwenye kikundi cha kina mama kijijini, upande wa Kakamega, wanaoweka mbegu za mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda, mitoo, seveve, kunde, terere. Kila mama ana mbegu yake anayoitunza, na ukitaka mbegu ya mitoo unajua unaenda boma gani. Wakaamua wanataka kijitabu. Na kwa sababu mimi ndiye "yule wa kompyuta", kazi ikaniangukia. Nikapiga picha kwa simu, nikatengeneza jedwali la safu nne: picha ya mboga, jina, mwezi wa kupanda, na mwisho kabisa jina la mama anayeitunza mbegu. Hiyo safu ya nne ndiyo ilikuwa roho ya kijitabu. Wao wenyewe walisema hivyo.

Mimi huandika kila kitu kwa maandishi matupu, kwa mtindo wa Markdown, halafu programu inaitwa pandoc inayageuza kuwa LaTeX, na LaTeX inapanga kurasa na kutoa PDF. Nikajaribu, ikatoka safi. Picha ndogo nadhifu kushoto, majina kulia. Usiku wa kuamkia kuchapisha nikasema hebu nisafishe kazi kidogo. Mafaili ya picha yalikuwa na yale majina marefu ya simu, tarehe na namba zimefuatana kama namba ya siri ya kocha. Nikayabadilisha yakawa managu, saga, mrenda. Nikatoa PDF upya, programu haikulalamika hata neno moja, nikaituma kwa mchapaji kupitia simu, nikalala. Sikuifungua. Najua, najua.

Nakala 150. Shilingi elfu tisa. Kila picha imejaa upana wa ukurasa mzima, jina la mboga limesukumwa hadi ukingoni, na safu ya nne haipo. Si kwamba ilikatwa nusu, haipo kabisa. Kukhu akakigeuza kijitabu, akakiangalia nyuma, akakirudisha mbele, akaniuliza kwa upole ule unaouma kuliko kugombezwa: "Mjukuu wangu, sasa sisi tumeenda wapi?"

Mchapaji hakuwa na kosa, alichapa alichopewa. Nilirudi Nairobi na swali moja: kubadilisha jina la picha kunawezaje kubadilisha ukubwa wake? Nikaanza kufukua, na kumbe jibu lina mizizi ya zamani kuliko kompyuta yoyote.

Twende polepole. Albrecht Pfister, mchapaji wa Bamberg huko Ujerumani, alitoa mwaka 1461 kitabu cha hekaya chenye picha zilizochapwa, kati ya vya kwanza kabisa vya aina hiyo kwa herufi za kuhamishika. Picha zile zilichongwa kwenye vibao vya mbao. Uzuri wa kibao cha mbao ni kwamba unaweza kukikata kiwe na kimo kilekile cha herufi za risasi, ukakifunga pamoja nazo kwenye fremu moja, ukapaka wino mara moja. Kwa fundi, picha ilikuwa herufi nyingine tu, kubwa kidogo. Ndiyo maana mwaka 1542 Leonhart Fuchs, daktari, aliweza kutoa kule Basel kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500. Mimea, wadau! Picha na jina lake, ili mtu asichume kitu kingine. Kazi ileile ya kina mama wangu.

Halafu shaba ikaharibu urafiki. Picha ya kuchongwa kwenye bamba la shaba ilikuwa na mistari myembamba ambayo mbao haikuiweza, kwa hivyo wenye pesa waliipenda. Lakini kwenye shaba wino hukaa ndani ya mifereji, si juu, na karatasi lazima ipitishwe kwenye mashine nyingine yenye kubana sana. Huwezi kuifunga shaba na herufi kwenye fremu moja. Matokeo yake picha zikahamishwa kwenye kurasa zao, mwisho wa kitabu au kitabu kingine kabisa. Ile Encyclopédie maarufu ya Diderot kule Ufaransa ina majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya picha. Unasoma hapa, unaenda kutazama kule. Thomas Bewick wa Newcastle alijaribu kuwapatanisha tena mwaka 1790 kwa kitabu chake cha wanyama wa miguu minne, akichonga mbao ngumu upande wa ncha ambapo mistari myembamba inakubali. Picha ikarudi kukaa na maneno yake. Lakini ile tabia ya kuiona picha kama mgeni mwenye chumba chake haikuisha.

Na jedwali? Jedwali lilikuwa adhabu. Fundi wa herufi alipanga mistari ya kawaida bila shida, lakini jedwali lilimtaka ajue upana wa kila safu kabla ya kuweka herufi ya kwanza, kisha ajaze kila nafasi tupu kwa vipande vya risasi, maana kwenye risasi hata hewa ina uzito. Orodha za malipo za wapanga herufi wa London karne ya 19 ziliweka kazi ya jedwali kwa bei mara mbili ya maandishi ya kawaida. Mimi nasema walistahili. Shika hilo neno moja: upana, kabla. Tutalirudia.

Kompyuta ilipofika ilirithi hizi kazi tatu, maandishi, jedwali na picha, kama familia tatu zisizosalimiana. Ya kwanza kuhudumiwa ilikuwa maandishi: mwaka 1964 Jerome Saltzer wa MIT aliandika RUNOFF, programu ya kupanga aya kutoka kwa faili la herufi tupu zenye maagizo katikati. Kutoka hapo ukoo ukafika Bell Labs, ambako Joe Ossanna aliandika troff mwaka 1973 kuendesha mashine ya kupanga herufi kwa mwanga. Jedwali likapewa programu yake pembeni, tbl, ya Mike Lesk. Ukitaka kujua jedwali lilifikiriwa kuwa la nani, tazama herufi za tbl: l ya kushoto, r ya kulia, c ya katikati, na n ya namba. Herufi ya picha haikuwepo. Mashine yenyewe ilijua kupiga mwanga wa herufi tu. Uliacha nafasi wazi, ukabandika picha kwa gundi.

Upande wa pili wa nchi, mwaka 1977, Donald Knuth wa Stanford aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, juzuu ya pili ya mfululizo wake wa sanaa ya kuandika programu. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa risasi, hili jipya kwa mwanga. Akaona ni baya. Mtu mwingine angeandika barua ya malalamiko. Yeye aliweka kitabu kando akaanza kuandika programu ya kupanga herufi, TeX, akidhani itamchukua muda mfupi. Ikala kama miaka kumi. (Mimi na kazi zangu za "nitamaliza Jumapili" tunamwelewa vizuri.)

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kijitabu changu kilipozaliwa na kasoro. Ndani ya TeX kila kitu ni sanduku. Herufi ni sanduku lenye upana, kimo na kina chini ya mstari. Maneno ni masanduku yaliyopangwa. TeX haijui umbo la herufi, inajua vipimo vyake tu. Na haijui picha kabisa! Knuth aliacha kijitundu kimoja, agizo la kupitisha ujumbe kwa mashine ya kuchapa bila TeX kuuelewa. Ilibidi PostScript ya Adobe ije katikati ya miaka ya 1980, na picha zake zinazotembea na namba nne za vipimo vya kona, ndipo TeX iweze kuambiwa: hapa weka sanduku tupu la ukubwa huu, mashine itajaza yenyewe. Kwa hivyo kwa TeX picha ni herufi moja kubwa sana iliyosimama juu ya mstari. Pfister angeitambua mara moja.

Na jedwali ndani ya TeX linafanya kitu cha busara ambacho fundi wa risasi hakuweza: linasoma mistari yote kwanza, halafu linaipa kila safu upana wa sanduku lake pana zaidi. Kwa namba na majina, ni raha. Kwa picha ya simu yenye pikseli elfu nne, ni balaa, maana hiyo picha moja ndiyo itaamua. Leslie Lamport alipojenga LaTeX juu ya TeX mapema miaka ya 1980, aliweka herufi l, c na r kwa safu za aina hii, na akaongeza p, safu ambayo mwandishi mwenyewe anatangaza upana wake. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kila kitu. Ukiwa ndani ya safu ya p na ukauliza "mstari una upana gani?", unajibiwa upana wa safu. Ukiuliza ndani ya safu ya l, unajibiwa upana wa ukurasa mzima, kwa sababu safu yenyewe bado haijui upana wake. Inasubiri kuona umeleta nini.

Hii si ya pandoc pekee. Org, ambayo mwanaastronomia Carsten Dominik aliianzisha mwaka 2003 ndani ya Emacs, ina majedwali matamu sana ya kuandika. Lakini ikisafirisha picha kwenda LaTeX bila kuambiwa upana, huipa sehemu ya 0.9 ya upana wa mstari. Weka picha mbili kwenye safu mbili za kawaida na tayari una karibu kurasa mbili kwa upana. Unataka kuipunguza? Agizo la ukubwa linakaa juu ya aya, na ndani ya chumba cha jedwali hakuna juu ya aya. Inabidi upenyeze LaTeX mbichi katikati ya jedwali lako zuri.

Turudi kwangu. Markdown ya John Gruber ilitoka 2004, na haikuwa na jedwali hata kidogo: ukilihitaji, aliambia watu, andika HTML. Majedwali ya vistari wima yakaongezwa na wengine baadaye. Mwaka 2006 John MacFarlane, profesa wa falsafa kule Berkeley, akaanzisha pandoc, na ikakubali majedwali hayo. Lakini fikiria shida aliyokuwa nayo. Maandishi matupu hayana upana. Hayana ukurasa. Na picha yenyewe haimo ndani ya faili, kilichomo ni jina lake. Sasa pandoc itajuaje kama jedwali lako linataka safu za l au safu za p?

Inakisia. Kanuni yake imeandikwa waziwazi kwenye mwongozo, nami nilikuwa sijawahi kuufungua: kama hata mstari mmoja wa jedwali lako, jinsi ulivyouchapa, unazidi upana uliowekwa, ambao kwa kawaida ni herufi 72, basi jedwali litachukua upana wote wa ukurasa na kila safu itapewa sehemu yake kulingana na wingi wa vistari ulivyochora chini ya vichwa. Kama hakuna mstari unaozidi, safu zinaachwa zijitanue zenyewe.

Umeona? Majina yale marefu ya simu yalikuwa yakivusha mistari yangu herufi 72. Pandoc ikadhani nina maneno mengi, ikanipa safu zenye upana, na picha zikabanwa ndani yake. Nilipoyafupisha, mistari ikawa mifupi, safu zikageuka l, na kila picha ikauliza mstari una upana gani, ikajibiwa ukurasa mzima. Programu ilipima jina la picha, si picha. Na kilio cha LaTeX, kwamba kitu kimemwagika nje ya ukurasa, kilikuwepo kwenye kumbukumbu zake. Pandoc kwa kawaida haikuonyeshi mpaka uiombe iseme kila kitu.

Nina maoni yangu hapa, na najua wapenzi wa maandishi matupu watanijia juu. Kukisia upana kwa urefu wa mstari uliochapwa ni sawa kwa jedwali la maneno, maana maneno marefu kwenye faili ni maneno marefu kwenye karatasi. Jedwali likishakuwa na picha, uhusiano huo umekufa, na programu inaweza kuliona hilo: jina la picha liko hapo hapo lina alama yake ya mshangao. Ingenionya tu. Lakini pia sitaki kusikia ile ya "si ungetumia Word". Huko nimeshawahi kuona picha ikiruka kurasa tatu kwa sababu mtu ameongeza koma.

Nikatengeneza upya. Nikaiambia pandoc ihesabu upana kuwa herufi 30 badala ya 72, ili kila mstari wangu uwe "mrefu", nikachora vistari kwa makini: kumi chini ya picha, kumi chini ya jina, vichache chini ya mwezi, vingi chini ya jina la mama. Yaani nikatangaza upana, kabla. Safu ya nne ikarudi. Mara hii nikachapa nakala moja tu, nikapanda matatu hadi kijijini kumwonyesha kukhu.

Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Akaweka kidole kwenye picha ya managu, akashuka, akasema, "Hii umeiandika saga?" Nikamwambia hapana, hiyo ni managu. "Lakini jina la managu liko kwenye hii," na kidole chake kilikuwa kwenye picha ya saga.

Nilitazama nikataka kucheka na kulia pamoja. Picha ni herufi kubwa inayosimama juu ya mstari, si ndiyo? Basi maneno ya safu za jirani yanasimama kwenye mstari huohuo: miguuni mwa picha, na yakishuka mstari wa pili yanaingia chini yake. Pandoc nayo haichori mistari kati ya safu mlalo. Kwa hivyo kila jina lilikuwa limekaa karibu na picha iliyo chini kuliko picha yake. Mimi nilikuwa najua mboga zote hizo, kwa hivyo jicho langu lilisahihisha bila kuniambia. Kukhu naye anazijua kuliko mimi, lakini alisoma karatasi kama ilivyo, kama atakavyoisoma msichana wa mjini ambaye hajawahi kuona mitoo.

Dawa yake ni herufi moja. LaTeX ina aina nyingine ya safu, m, inayofanana na p ila inaweka kila kitu katikati kwa wima. Pandoc haikuniandikia m, kwa hivyo niliiambia inipe faili la LaTeX badala ya PDF, nikalifungua, nikatafuta mwanzo wa jedwali, nikabadilisha p nne zikawa m nne. Majina yakapanda, kila moja likasimama ubavuni mwa mboga yake.

Nilichapa nakala 150 nyingine, kwa pesa zangu. Zile za kwanza kukhu alikataa zichomwe, karatasi ni karatasi. Mama mmoja anafungia mbegu za terere ndani yake, kurasa zimekunjwa kuwa vifuko, kila kifuko na picha kubwa ajabu ya mboga upande wa nje. Kifuko cha mitoo hakina jina la mtu, lakini boma lake kila mtu analijua.